Uzi wa Kioo

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Mama Pini alikuwa na pini tisa mdomoni. Mumewe ana uhakika ni tisa, maana ilikuwa sketi ya shule yenye marinda, na sketi ya marinda kwa Mama Pini ilianza na pini tisa. Nane hazikutosha. Kumi alisema zinamjaza mate.

Alikaa pale pale pa siku zote, kwenye cherehani chini ya dirisha kubwa. Mumewe, fundi vioo, alikuwa anakunywa chai wima, kikombe mkono mmoja, kofia mkono wa pili. Alikuwa na vioo sita vya kuweka upande wa pili wa mji na alitaka kuwahi kabla jua halijawa kali.

Mama Pini akasema kitu bila kuinua kichwa.

Maneno ya Mama Pini yenye pini yalitoka puani na pembeni ya mdomo, kama redio iliyofunikwa mto. Wateja walisubiri azitoe kwanza. Mumewe peke yake ndiye aliyekuwa akijibu.

"Eeh," akasema. Akaweka kikombe, akatoka.

Mpaka leo hajui aliitikia nini.

Saa nne akaja nesi, mteja wa siku nyingi, kuongezewa kiuno cha sare yake nyeupe. Yaliyotokea pale fundi aliyasikia baadaye, kwa nesi mwenyewe.

"Umenenepa," Mama Pini alimwambia. Alikuwa ametoa pini.

"Nimeshiba, mama. Ni tofauti."

"Shibe gani inang'oa vifungo?"

Nesi alicheka, halafu akaacha kucheka. "Mama, mbona unaongea kama una pipi mdomoni?"

"Pini hiyo. Ilinichoma ulimi."

"Lini?"

Mama Pini alihesabu siku kwa nguo, sio kwa kalenda. Akafikiri. "Nilikuwa namalizia sare za muhula uliopita."

"Huo ni mwezi wa nne sasa. Pini gani inachoma miezi minne? Hebu fungua mdomo."

Akafungua. Nesi akamgeuzia kwenye mwanga wa dirisha, akaangalia chini ya ulimi, upande wa kushoto. Kisha akampapasa shingo, chini ya taya. Akavua ile sare iliyokuwa na pini kiunoni, akaikunja, akasema, "Hii utanishonea siku nyingine. Leo twende wote."

Kosa lilikuwa la nyumba nzima. Pini zilikuwa zikimchoma tangu msichana, na dawa ya pini waliijua, maji ya chumvi, asubuhi na jioni. Leso ikiwa na damu, fundi anauliza, "Pini?" Mkewe anajibu, "Pini." Imeisha. Nyumba nyingine kidonda cha miezi minne kingewatisha. Nyumba yao kilikuwa na jina tayari.

*

Kabla hajawa Mama Pini alikuwa msichana anayeshona kwa shangazi yake, chumba kimoja cha barabarani, watu wawili na cherehani moja. Kioo cha mlango kilivunjika, wakamwita fundi. Fundi mwenyewe alikuwa kijana bado, vidole vimejaa makovu madogo. Akiwa anakwangua vipande kwenye fremu, yule msichana akamuuliza kitu. Alikuwa na pini mdomoni. Fundi akaona haya kumwambia arudie.

"Eeh," akasema.

Msichana akainamia kazi yake. Hakumtazama tena.

Miezi mitatu fundi alipita pale kwa visingizio. Mara kuangalia kama kioo kimekaa sawa, mara kuuliza saa. Alijibiwa kwa adabu na hapo hapo mazungumzo yakafa. Mpaka shangazi mtu akachoka.

"Wewe kijana, mkeo hana kazi ya kukupa huko nyumbani?"

"Mke gani, shangazi?"

"Si uliulizwa hapa hapa kama una mke, ukasema eeh?"

Angesema hakusikia, yangeisha. Lakini msichana alikuwa anamwangalia. Akasema alikuwa anatania. Msichana akacheka mpaka kopo la pini likapinduka, na fundi akapiga magoti kuziokota.

Wakaoana, wakakaa pamoja miaka arobaini na moja, na ule ukweli mdogo hakuwahi kuusema. Wala hakujifunza maneno ya pini. Katika matatu alielewa moja. Mawili aliyaitikia.

Mara nyingi haikuwa na neno. Mara nyingine ilimponza. Siku moja alirudi akakuta ndoo ya rangi mlangoni, kumbe alikubali kupaka jiko. Siku nyingine alirudi akamkuta mama mkwe amekaa sebuleni na masanduku mawili. Alikubali hilo pia.

"Si nilikuambia asubuhi," mkewe alisema.

"Eeh, uliniambia," fundi akasema, akabeba masanduku.

Mama Pini hakusoma. Alijua tarakimu na hakujali kujua zaidi. Mtu alimpima kwa macho akivuka barabara, halafu futi kamba ilikuja kuthibitisha tu. Kwenye kila nguo ya mtoto aliacha nguo ya ziada ndani ya pindo, upana wa vidole viwili, ili mtoto akirefuka pindo lifumuliwe. Mzazi akilalamika kwamba pindo ni zito, alimwambia, "Huyu ataendelea kukua, wewe endelea kulalamika." Walipohamia nyumba ya sasa akasema chumba ni kizuri ila kina giza. Fundi akabomoa ukuta siku tatu, akaweka kioo kikubwa kuliko vyote alivyowahi kukata. Mama Pini akatoa pini zote mdomoni ili akisifu vizuri. "Sasa naona," alisema.

*

Hospitali walikata kinyama kidogo kwenda kupima, majibu yakarudi mabaya. Wakamkata upande wa ulimi na tezi za shingoni. Baadaye wakampiga mionzi wiki sita, mpaka ngozi ya shingo ikawa kama imepitiwa na pasi ya moto. Alipotoka pale maneno bado yalikuwa yanatoka, kwa shida. Aliyapanga mawili kwa fundi mlangoni mwa hospitali.

"Wasinishike tena."

Akarudi kwenye cherehani. Ulimi haukuweza tena kukamata pini, akawa anazichoma kwenye mkono wa gauni lake. Binti yao, aliyeolewa mbali, alipiga simu kila jioni. Simu iliwekwa sauti kubwa, mama akaongea, baba akatafsiri.

"Mama anakusalimia," fundi alisema.

"Baba, mama amesema maneno ishirini. Wewe unaniambia ananisalimia?"

"Anakusalimia sana."

Miezi minane ikapita hivyo. Kisha uvimbe ukarudi, shingoni na nyuma ya ulimi, mkubwa kuliko wa kwanza. Chakula kikagoma kupita, wakamwekea mrija puani. Maneno yakawa ya pini siku nzima, bila pini. Daktari aliyemkata akasema hapo pa kukata hapakatiki tena. Daktari wa mionzi akasema mionzi ameshamaliza fungu lake. Wakatumwa kwa daktari wa tatu, mwanamke mfupi, miwani yake imefungwa kamba shingoni.

Huyu alivuta kiti akakaa mbele ya Mama Pini, magoti yakigusana, akaongea naye yeye, sio na mumewe.

"Mama, kuna dawa tunaiweka kwenye mshipa. Inatembea mwilini, inajazana zaidi kwenye uvimbe, inalala humo. Yenyewe haifanyi kitu. Siku ya nne tunakupa usingizi, tunachoma sindano nyembamba ndani ya uvimbe, na kwenye kila sindano tunapitisha uzi wa kioo. Kwenye uzi unapita mwanga mwekundu. Mwanga ukiigusa dawa, dawa inaamka, inaua uvimbe pale pale ilipolala."

Fundi, aliyekuwa amesimama dirishani akipapasa fremu, akageuka. "Uzi wa kioo?"

"Ndiyo, mzee. Mwembamba kama unywele."

"Kioo hakipindi."

"Hiki kinapinda."

Fundi akamwangalia mkewe. Miaka hamsini ya vioo na hakuwahi kusikia kioo kinachopita kwenye tundu la sindano. Mkewe naye alikuwa anamwangalia. Kazi zao mbili, ya huyu na ya yule, zilikuwa zimewekwa kwenye kitu kimoja na mtu asiyewajua.

"Itamponya?" fundi akauliza.

"Hapana. Siwezi kukudanganya. Ugonjwa umefika mbali. Tunataka uvimbe upungue, mama ameze, apumue vizuri, maneno yatoke. Tumpatie muda ulio na nafuu."

"Na ubaya wake?"

"Siku za mwanzo atavimba, ataumia. Halafu kuna mwanga wenyewe. Dawa inabaki kwenye ngozi wiki kadhaa, na wiki hizo ngozi haitaki mwanga kabisa. Jua la dakika chache linamuunguza kama maji ya moto. Atakaa kwenye giza, tutamrudisha kwenye mwanga kidogo kidogo." Akamshika Mama Pini mkono. "Sasa wewe mwenyewe, mama. Unataka?"

Mama Pini akasema. Hakusema neno moja, alisema mengi, kwa kasi, akimnyooshea mumewe kidevu. Mwanzoni fundi alishika "nataka." Katikati palikuwa na "mzee." Vingine vyote vilikuwa mate na pumzi.

Nataka. Lakini mtu anaweza kutaka mwanga, na anaweza kutaka kwenda nyumbani, na yote yanaanza na nataka.

"Amesema nini?" daktari akauliza.

Ile haya ya mlango wa shangazi ikamrudia kama aliiacha pale jana. "Amesema anataka," fundi akasema. "Anakubali."

Macho ya Mama Pini yakameta. Fundi akadhani ni machozi. Karatasi ikaletwa, mkewe akaweka dole gumba, wino wa buluu, akajifuta kwenye pindo la shuka la hospitali. Akaligeuza lile pindo, akaona lilivyoshonwa, akatikisa kichwa.

*

Tangu saa ile fundi hakukaa.

Dawa ilipoingia kwa dripu, alikuwa anapima korido kwa hatua. Sitini na mbili kwenda, sitini na mbili kurudi. Siku ya nne wakamchukua mkewe kwenye kitanda cha magurudumu, amefunikwa shuka mpaka kichwani kama mzigo usiotakiwa kunyeshewa. Fundi akabaki mlangoni. Alitamani kuuona ule uzi. Alitamani pia kugonga, awaambie wasubiri, kuna neno hajalielewa.

Maana yeye ndiye alisikia "Wasinishike tena." Na yeye ndiye alisema "Anakubali." Je, mkewe aliweka dole kwa sababu anataka? Au kwa sababu mumewe alishatamka mbele ya watu, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwaibisha mbele ya watu?

Kumuuliza kungekuwa rahisi. Ungesema tu, "Siku ile ulisema nini?" Lakini swali hilo lingebeba mengine yote nyuma yake: jiko, mama mkwe, mlango wa shangazi.

Mkewe alitoka akiwa amevimba uso mzima. Siku za kwanza hakuongea, alikoroma tu na kushika ukingo wa kitanda. Fundi alimwangalia kwenye mwanga hafifu wa kile chumba, akajiambia, haya ndiyo niliyomsemea.

Baada ya wiki moja wakaruhusiwa kwenda nyumbani, ambulensi imefungwa mapazia, Mama Pini amevaa glavu na kofia pana. Nyumba fundi alishaiandaa. Lile dirisha kubwa alilobomolea ukuta alilifunika kwa bitana nyeusi, tabaka mbili, kutoka kwenye robota la mkewe. Aliishona mwenyewe kwa mkono. Tundu la ufunguo aliliziba kwa karatasi. Nyufa za mlango wa nyuma akazibandika. Balbu moja ndogo kwenye kona, mbali na kiti.

Mama Pini akaingia, akapapasa ile bitana, akafuata mshono kwa kidole mpaka mwisho. Akatoa sauti.

"Najua," fundi akasema. "Umepinda."

Giza lilimtesa yeye kuliko mgonjwa. Mgonjwa alikaa kwenye kiti chake karibu na cherehani, mikono magotini. Fundi alizunguka. Aligonga meza, aligonga ndoo, alisogeza kikombe akakirudisha. Alisimama kwenye dirisha na kubonyeza kioo nyuma ya kitambaa, kuona kama bado kipo.

"Kaa," mkewe akamwambia. Hilo alilielewa.

"Eeh," akasema, akaendelea kuzunguka.

Siku ya tatu, asubuhi ya jua kali, nesi akabisha hodi. Alikuwa anakuja kusafisha mrija. Fundi akafungua mlango nusu, akasimama katikati ili mwili wake uzibe mwanga, akaanza kumweleza nesi habari za usiku, kikohozi, maumivu, mrija unavyotoa sauti.

Mbele ya mlango, ukutani, kulikuwa na kioo kirefu cha wateja kujipimia nguo. Fundi mwenyewe alikikata, mwenyewe alikitundika. Alikuwa amefunika dirisha, tundu la ufunguo, hata saa ya ukutani kwa sababu inang'aa. Fundi vioo akasahau kioo. Jua lilipita juu ya bega lake, likapiga kile kioo, likaenda kulala kwenye mkono wa Mama Pini aliyekuwa anasinzia.

"Hio," Mama Pini akasema nyuma yake.

"Eeh," fundi akajibu, akaendelea na nesi.

"Hio. Hio!"

"Eeh, mama, nakuja."

Nesi akanyoosha shingo. "Mzee, anasema kioo." Akampita kwa bega, akasukuma mlango kwa kisigino, giza likarudi.

Ulikuwa mkono wa kulia. Mgongo wa kiganja ulikuwa mwekundu, na mchana ule ule ukatoa lengelenge kubwa kama kifuniko cha chupa. Jeraha la dakika tatu au nne. Nesi akaufunga kwa kitambaa chenye maji safi ya baridi, akampigia daktari simu, akapewa maelekezo. Alipomaliza akamgeukia fundi. Hakuwa na ukali. Alitaka kujua tu.

"Mzee, ulikuwa unaitika nini?"

Katika maisha yake hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo.

Alikitoa kile kioo ukutani, akakigeuzia uso ukutani nyuma ya kabati. Nesi alipoondoka, akavuta kigoda akaketi mbele ya mkewe, magoti yakigusana kama alivyoona kwa daktari. Hakumwona uso vizuri. Ilimsaidia.

"Mimi sikuelewi," akasema. "Sio leo. Tangu zamani."

Mkewe akainua kichwa.

"Kwa shangazi sikuwa natania. Sikusikia. Jiko sikusikia. Mama mkwe sikusikia. Na siku ile kwa daktari sikusikia. Nilishika nataka, vingine nikaweka vyangu. Kama ulisema hutaki, basi hii yote nimekufanyia mimi. Na huo mkono nimekufanyia mimi."

Mabega ya mkewe yakaanza kutikisika. Fundi hakujua analia au anafanya nini, giza lilikuwa zito na uso umevimba. Kisha mkewe akasema kitu. Kirefu.

Eeh ikamfika fundi mdomoni. Akaimeza.

"Sijaelewa," akasema.

Mkewe akarudia.

"Sijaelewa, mama."

Akarudia mara ya tatu, polepole, kisha akachoka. Akaupunga mkono mzima, ule wa kushoto, kama anavyompungia mteja aliyekuja kabla nguo haijaisha. Baadaye. Akaukunja ule mkono, akatoa vidole viwili, akamwonyesha karibu na uso ili aone. Vidole viwili vya pindo, ile akiba ya mtoto kukua. Fundi alivijua vidole vile. Hakujua vinajibu nini.

*

Alisubiri. Siku hizo hakuitika kitu. Binti akipiga simu na kuuliza mama amesema nini, alijibu, "Sijui. Subiri nimuulize tena." Binti akasema, "Baba, unaumwa na wewe?"

Uvimbe wa uso ukashuka. Halafu ule mwingine, wenyewe, ukaanza kunywea. Daktari alimulika kwa tochi ndogo hafifu, akasema kinyama kilichokufa kinatoka vizuri. Wiki ya tatu Mama Pini akameza maji, kijiko. Siku iliyofuata vijiko vitano. Sauti ikaanza kupata njia. Herufi zilirudi moja moja, k ikarudi kabla ya t. Nesi alipokuja akaambiwa, "Kiuno chako bado kinanisubiri," neno kwa neno, na nesi akakaa chini kwenye marobota ya kitambaa.

Waliondoa tabaka moja la bitana. Baada ya siku kadhaa, daktari akaruhusu la pili, jioni tu, jua likiwa upande mwingine.

Mama Pini aliishi miezi mitano baada ya hapo. Minne ilikuwa na nafuu. Alimaliza sare ya nesi, alimaliza ile sketi ya marinda, ingawa mwanafunzi mwenyewe alishakua haimtoshi, ikabidi apewe mdogo wake, na pindo likatosha. Mwezi wa tano uvimbe ukarudi na safari hii ukaja na haraka. Alikufa mchana, kitandani, binti yao akiwa ameshika mguu na fundi ameshika ule mkono wenye kovu.

Sasa fundi anakunywa chai wima. Dirisha analifuta kila asubuhi kwa gazeti, ndani na nje, ingawa hakuna anayeshona. Akitembea peku anakanyaga pini, anaziokota, anazirudisha kwenye kopo. Mara mbili ameitika na hakuna aliyemwita. Anazunguka chumba, anakaa, anainuka. Asubuhi ile ya pini tisa aliitikia nini, hilo hatalijua, na ndilo linalomfanya ainuke.

Lakini lile la daktari alilijua. Ilikuwa jioni ile ya kuondoa tabaka la pili. Alipanda kigoda, akafumua mshono wake mwenyewe uliopinda, bitana ikaanguka, na mwanga wa jioni ukaingia chumbani taratibu. Mama Pini alifumba macho, akayafumbua. Akageuza ule mkono wenye kovu, akauangalia pande zote. Kisha akachukua pini moja kwenye kopo, akaiweka mdomoni, kujaribu. Ikakaa.

Akasema kitu.

Fundi akashuka kwenye kigoda. "Sijaelewa."

Mama Pini akamwangalia muda mrefu. Macho yalikuwa yanameta vile vile kama siku ile kwa daktari, na safari hii kulikuwa na mwanga wa kutosha, fundi akaona kwamba siku ile pia alikuwa anacheka. Akaitoa pini mdomoni ili asikike.

"Nilimwambia daktari nataka, hizo nyuzi zake aniwekee. Nikamwambia na huyu mzee asimuulize kitu, maana tangu siku niliyomuuliza kama ana mke mpaka leo anaitika tu."